Jinsi ya Kuotesha Nyasi Kibarua cha Mwenzako

Kumfukuza mtu kazi mchana kweupe kwa sababu ya siasa zake ni ushamba. Wanaofanya hivyo huishia mahakamani, au magazetini, au kote kuwili. Mwajiri aliyestaarabika hamfukuzi mtu. Mkataba ukiisha hauongezwi, basi. Simu ikiita haipokelewi, basi. Kila anayekutana naye barabarani anampa pole, anamwambia angewahi wiki iliyopita nafasi ilikuwepo, na ukifika mwisho wa mwaka kibarua chake kimeota nyasi wala hakuna aliyeonekana akipanda.

Fani hii ina chuo kikuu chake: Hollywood, Marekani, kati ya mwaka 1947 na 1960. Vyuo vingine vipo, hata vya hapa kwetu, na vichache nitavitaja njiani. Lakini anayetaka kuhitimu kwa daraja la kwanza aanzie huko. Mwongozo huu nimemwandikia bosi, mkurugenzi wa redio, mwenye fedha za matangazo, mjumbe wa kamati ya maadili, na pia jirani wa kawaida mwenye kinyongo na salio la kutosha kwenye simu.

APA KWAMBA ORODHA HAIPO

Mwalimu wetu wa kwanza ni Bwana Eric Johnston, rais wa chama cha wenye kampuni za filamu. Oktoba 1947, kamati ya Bunge la Marekani ya kuchunguza mambo yaliyo kinyume na Umarekani iliwaita watu wa sinema mjini Washington, ikawauliza kama ni wanachama, au wamewahi kuwa wanachama, wa Chama cha Kikomunisti. Chama chenyewe, tukumbushane, kilikuwa halali. Johnston aliwaapia mawakili wa walioitwa kwamba maadamu yu hai hatashiriki jambo lisilo la Kimarekani kama orodha nyeusi.

Mashahidi kumi walikataa kujibu, wakisema Katiba inalinda mawazo ya mtu. Tarehe 24 Novemba Baraza la Wawakilishi likapiga kura washtakiwe kwa kulidharau Bunge. Siku hiyohiyo wakubwa wa sinema wapatao 50 walikutana faraghani katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Walipomaliza, Johnston yuleyule, akiwa hai na afya tele, akatangaza kwamba kumi hao hawana kazi tena na kwamba hakuna Mkomunisti atakayeajiriwa kwa kujua.

Taarifa yao inafaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya utumishi. Ndani yake walikiri wenyewe kwamba ipo hatari ya kuwaumiza wasio na hatia, na ipo hatari ya kuzusha hali ya woga. Walipokwisha kukiri, wakaendelea na safari. Jifunze hapo. Ubaya ukitajwa na mtenda mwenyewe, kwa sauti ya huzuni na suti safi, watu humwona ni mtu mwenye dhamira.

Baada ya siku hiyo orodha haikuwepo. Mkubwa yeyote wa studio angekuapia hivyo, na asingekuwa mwongo kabisa, kwa kuwa hapakuwa na karatasi moja yenye kichwa, muhuri na sahihi. Palikuwa na karatasi nyingi, minong'ono mingi zaidi, na makatibu muhtasi waliojua jina gani lisipelekwe mezani kwa bosi. Uzuri wa mpango huo ni kwamba mtu aliyeguswa hana pa kukata rufaa. Hukumu isiyo na hakimu haina namba ya jalada wala tarehe ya kwisha. Akija kulalamika, mwulize kwa mshangao: orodha gani?

Angalizo dogo kuhusu uteuzi wa viongozi wa kamati. Mwenyekiti aliyewahoji wale kumi, J. Parnell Thomas, baadaye alipatikana na hatia ya kujaza majina ya watumishi hewa katika ofisi yake na kujichukulia mishahara yao. Yaani aliyewanyima mishahara watu wanaofanya kazi alikuwa akila mishahara ya watu wasiofanya kazi. Alipelekwa gereza la Danbury, Connecticut, akawakuta humo wawili kati ya wale kumi, Ring Lardner Jr. na Lester Cole, wakitumikia vifungo vyao. Mchimba kisima, na kadhalika. Mteue mtu ambaye mahesabu yake yamekaguliwa.

MPATE MWENYE KIJARIDA

Wewe mwenyewe usitaje jina la mtu. Kazi hiyo ina wenyewe. Juni 1950 kilitoka kijitabu kiitwacho *Red Channels*, jaladani mkono mwekundu umekamata maikrofoni. Waliokitoa walitokana na kampuni iliyoanzishwa na wapelelezi watatu wa zamani wa FBI. Ndani yake mlikuwa na majina 151 ya watu wa redio na televisheni, wakiwemo Orson Welles, Lena Horne, Langston Hughes, Leonard Bernstein na Arthur Miller, na chini ya kila jina makosa yake: alisaini waraka huu, alihudhuria chakula kile cha jioni, jina lake lilionekana kwenye barua ya kuunga mkono Jamhuri ya Hispania miaka zaidi ya kumi iliyopita.

Kijitabu hakikusema kwamba watu hao ni Wakomunisti. Kilisema imeripotiwa. Neno hilo moja lina nguvu kuliko ushahidi wote, kwa kuwa ushahidi hupingwa lakini ripoti husambaa tu. Wahenga walishatufanyia kazi waliposema lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Sasa angalia biashara ilivyopangwa. Watu walewale waliokuwa wakitoa majina waliuza pia huduma ya kuyakagua. Kampuni ya matangazo ililipa, jina likapekuliwa, likarudi na jibu. Na msanii aliyekutwa mchafu alielekezwa namna ya kujisafisha: aandike barua ya toba, aende kwa mtu fulani anayeheshimika, asifie mambo fulani hadharani, na kubwa zaidi, ataje wenzake. Mganga aliyekuroga ndiye anayekuagua, na kotekote unalipia.

Kuhusu kutaja wenzake, usidhani kamati ilikuwa haina majina. Ilikuwa nayo, mengi yakiwa yamekwisha kuchapishwa. Kilichotakiwa ni tendo lenyewe, mtu mzima kuketi mbele ya kamati na kuwataja waliokula naye. Mwongozaji Elia Kazan alifanya hivyo Aprili 1952, akawataja wanachama wenzake wa miaka ya 1930, akaendelea kutengeneza filamu nzuri sana. Mwaka 1999 alipopewa Oscar ya heshima, sehemu ya ukumbi ilisimama kumpigia makofi na sehemu nyingine ilikaa kitako mikono imekunjwa. Miaka 47 ilikuwa imepita. Jambo hili haliozi upesi, na ni vizuri ulijue kabla hujaanza.

USIHANGAIKE NA MTU, HANGAIKA NA DAWA YA MENO

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hatua hii ndiyo inayofanya kazi popote pale duniani penye tangazo la biashara.

Laurence Johnson hakuwa mbunge wala mwandishi wala mtu wa sinema. Alikuwa na supamaketi kadhaa huko Syracuse, jimbo la New York. Mtu wa sabuni na biskuti. Lakini aligundua jambo ambalo wataalamu wa propaganda walikuwa hawajaligundua vizuri: vipindi vya televisheni vililipiwa na makampuni ya bidhaa, na bidhaa hizo zilikuwa zimekaa kwenye rafu zake.

Mwaka 1952 aliiandikia kampuni iliyotengeneza dawa ya meno ya Amm-i-dent, iliyokuwa ikidhamini mchezo wa televisheni uitwao *Danger*. Kwa adabu zote akapendekeza jaribio. Dawa yao na ya mshindani wao zipangwe dukani bega kwa bega, kila moja na maelezo yake: hawa hapa wanatumia wasanii wazalendo, na hawa waeleze wenyewe kwa nini wanawapa kazi watu wa Kikomunisti. Mteja asome, achague.

Jiweke katika nafasi ya mwenye dawa ya meno. Huyo mwigizaji hujawahi kumwona. Karl Marx hujui kama ni mtu au chapa ya viatu. Hukumchukia mtu yeyote. Unachojua ni kwamba wewe unauza dawa ya meno, na dawa ya meno haiwezi kuwa na msimamo kuhusu Hispania. Basi unapiga simu kwa wakala wa matangazo, wakala anapiga simu kwa kituo, kituo kinamwambia mtayarishaji kwamba huyu hafai kwa nafasi hii, amekuwa mrefu mno au mfupi mno. Hakuna kiungo hata kimoja katika mnyororo huo kilichomwonea mtu. Kila mmoja ameogopa kidogo tu, woga wa kiasi cha kijiko cha chai.

Kampuni ya vyakula ya General Foods ilionyesha njia hiyo mapema zaidi. Agosti 1950 mwigizaji Jean Muir, aliyetajwa katika *Red Channels*, alikuwa aanze kuonekana kwenye kipindi kilichodhaminiwa nao. Simu chache zikapigwa. Onyesho la kwanza likafutwa, naye akaondolewa. Kampuni haikusema kwamba ni Mkomunisti, haikudai hata kuchunguza. Ilisema tu kwamba inaepuka watu wenye utata. Tafadhali itunze kauli hiyo. Utata ni kosa ambalo mshtakiwa hawezi kujitetea nalo, maana akijitetea kwa sauti utata unaongezeka.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikidhamini *The Goldbergs*, kipindi cha familia ya Kiyahudi kilichopendwa sana, na Philip Loeb ndiye aliyekuwa baba wa familia hiyo. Naye alikuwa ndani ya kile kijitabu. Mwenye kipindi, Gertrude Berg, aligoma kumwondoa, mdhamini akajitoa. Kipindi kilipopata mahali pengine, mwanzoni mwa 1952, Loeb hakuwemo tena. Alikuwa amekana chini ya kiapo kwamba aliwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Septemba 1955 alijiua katika chumba cha hoteli mjini New York. Hapa sina ushauri wa kukupa.

ONDOA HOFU YA KUKOSEA MAJINA

Wapo wanaoanza wakasita: je, nikimwumiza aliyefanana jina na mlengwa? Usihofu, baraka nyingine huja kwa mlango huo. Mwaka 1949 mwigizaji kijana aitwaye Nancy Davis aliona jina lake kwenye orodha ya wanaounga mkono Wakomunisti. Kumbe alikuwa Nancy Davis mwingine. Akatafuta msaada kwa rais wa chama cha waigizaji, bwana mmoja aitwaye Ronald Reagan. Mwaka 1952 wakaoana, na iliyobaki ni historia ya Ikulu ya Marekani. Kwa hiyo orodha nyeusi imewahi kuunganisha nyumba moja. Zilizovunjika hazikuhesabiwa.

Wala usijali kwamba kazi ya mtu haihusiani na siasa. Jimbo la Indiana liliwataka mabondia na wanamieleka wa kulipwa waape kwamba si Wakomunisti, nadhani ili mtu asije akapigwa ngumi ya mkono wa kushoto yenye itikadi. Timu ya besiboli ya Cincinnati, iliyokuwa ikijulikana kwa jina la Reds, yaani Wekundu, ilibadili jina kwa miaka kadhaa ya 1950 ikajiita Redlegs. Miguu tu ndiyo iliyobaki myekundu.

AKIWA MKUBWA MNO, MFUNGIE MLANGO WA NCHI

Njia ya dawa ya meno inawafaa wasanii wa kati. Mtu kama Paul Robeson inabidi serikali yenyewe itie mkono.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna ujirani naye kidogo. Alipokuwa London miaka ya 1930 alisoma lugha za Kiafrika chuoni, Kiswahili kikiwemo. Katika filamu ya *Sanders of the River* ya mwaka 1935, ambayo baadaye aliijutia kwa jinsi ilivyousifu ukoloni, mmoja wa wachezaji wadogo waliojazia kundi la machifu alikuwa mwanafunzi kutoka Kenya, Jomo Kenyatta. Robeson aliimba, aliigiza, alijua sheria, na aliongoza baraza lililopigania uhuru wa makoloni ya Afrika. Tena aliisifu Urusi ya Stalin na hakutaka kuacha kuisifu, jambo ambalo hata marafiki zake wengi liliwakera, na ninawaelewa.

Machi 1950 kituo cha NBC kilifuta mwaliko wake kwenye kipindi cha Eleanor Roosevelt. Mwaka huohuo wizara ya mambo ya nje ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi za Marekani zikamfungia milango, na nje asingeweza kwenda. Mapato yake yalishuka kutoka zaidi ya dola 100,000 mwaka 1947 hadi karibu dola 6,000 mwaka 1952. Alipozuiwa kwenda Kanada, Mei 1952 alisimama juu ya lori mpakani, upande wa Marekani, akawaimbia maelfu waliosimama pande zote mbili. Mwaka 1957 aliwaimbia watu wa London kwa simu, kupitia waya uliolazwa chini ya Atlantiki, ukumbi mzima umeketi kusikiliza spika. Pasipoti alirudishiwa mwaka 1958, baada ya Mahakama ya Juu ya nchi kuamua kwamba wizara haikuwa na mamlaka ya kuwanyima watu pasipoti kwa imani zao.

Usisahau usafi wa kumbukumbu. Robeson alikuwa pia nyota wa mpira wa Kimarekani ujanani. Kitabu cha rekodi cha mwaka 1950 kilichapisha kikosi cha nyota wa taifa wa 1918 bila jina lake, kikabaki na wachezaji kumi. Mchezo huo huchezwa na kumi na mmoja.

Hapa kwetu mfano ulio karibu ni wa Limuru, Kenya. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ waliigiza *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kibali kikafutwa, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Aliachiwa Desemba 1978. Alikuwa mkuu wa idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini kazi hiyo hakurudishiwa. Chama cha wahadhiri kilichodai arudishwe nacho kikapigwa marufuku mwaka 1980. Ona ulinganifu ulivyo mzuri: hakuna korti iliyosema ana kosa, kwa hiyo hakuna korti ambayo ingeweza kusema hana.

UKIUHITAJI UJUZI WAKE, MNUNUE KWA NUSU BEI

Tatizo la kumnyima kazi fundi hodari ni kwamba kazi yenyewe bado inataka kufanywa. Hollywood ililitatua kwa namna ambayo mwajiri yeyote mwenye jicho la faida ataiheshimu.

Dalton Trumbo, mmoja wa wale kumi, alikuwa miongoni mwa waandishi waliolipwa vizuri kabisa mjini. Alipotoka gerezani aliandika kwa majina ya bandia na kwa majina ya marafiki, usiku na mchana, kwa sehemu ndogo ya bei yake ya zamani. Watayarishaji waliokula kiapo cha kutomwajiri walimwajiri. *Roman Holiday* ilipata Oscar ya hadithi mwaka 1954, akaipokea rafiki yake Ian McLellan Hunter aliyemwazima jina. Machi 1957 Oscar ya hadithi ikaenda kwa Robert Rich, mwandishi wa *The Brave One*. Jina likaitwa. Rich hayupo. Mwakilishi wa chama cha waandishi akapanda jukwaani akaeleza kwamba mwenzao yuko hospitali, mkewe anajifungua. Waandishi wa habari wakaanza kumtafuta baba wa mtoto, na wakubwa wa chama hicho wakagundua kwamba hawana mwanachama wa jina hilo. Alikuwa Trumbo.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya *The Bridge on the River Kwai*. Oscar ya mwandishi wa filamu hiyo ya Kiingereza alipewa Mfaransa Pierre Boulle, mwenye riwaya, ambaye hakuwa akiandika Kiingereza. Waandishi wa kweli, Michael Wilson na Carl Foreman, walikuwa kwenye orodha isiyokuwepo. Walipewa haki yao katikati ya miaka ya 1980, wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki.

Ushauri wangu kwa bosi: furahia nusu bei, ila usimpe fundi huyo nafasi ya kushinda tuzo. Orodha ilianza kufa pale watu walipoanza kuicheka. Mwaka 1960 Otto Preminger na Kirk Douglas waliliweka jina la Trumbo wazi kwenye *Exodus* na *Spartacus*. Watu wakajaa kumbini, na jamhuri haikuanguka.

UKIBANWA KWENYE MJADALA

Kuna siku utaulizwa. Majibu ya kawaida unayajua: kazi si haki, ni makubaliano, soko limeamua, aseme atakalo, nami nimwajiri nimtakaye. Yote yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanafaa.

Jibu bora zaidi ni kumwuliza anayekulaumu yeye alikuwa wapi zamu ilipokuwa ya wengine. Mara nyingi atanyamaza. Mwaka 1941 serikali ya Marekani ilipowashtaki wafuasi wa Trotsky huko Minneapolis kwa maoni yao, Chama cha Kikomunisti kilishangilia. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyowafunga viongozi wa chama hicho miaka michache baadaye. Trumbo mwenyewe, wakati wa vita, alipata barua kutoka kwa wasomaji waliopinga vita, baadhi yao wenye chuki dhidi ya Wayahudi, wakiulizia riwaya yake. Akawaripoti FBI. Maafisa walipofika nyumbani kwake ilionekana wanavutiwa na mwenye nyumba kuliko barua. Aliandika baadaye kwamba ulikuwa upumbavu. Wapenzi wa orodha wapo kila upande wa uwanja. Wanachogombania ni kalamu.

Lakini kuna swali moja usikubali liulizwe, na kama mwenyekiti wa kikao ni mtu wako, alizuie mapema. Swali ni hili: alifanya nini kazini?

Swali hilo linaharibu mambo kwa sababu lina majibu. Georges Ruggiu, Mbelgiji aliyetangaza katika redio ya RTLM ya Rwanda mwaka 1994, alifanya jambo kazini: alitumia maikrofoni kuchochea mauaji. Alipelekwa Arusha mbele ya mahakama ya kimataifa, akasomewa mashtaka, akakiri, na mwaka 2000 akahukumiwa miaka 12. Hakuna aliyehitaji muuza sabuni kumnong'oneza mtu. Jean Muir hakufanya lolote kazini, maana hakuruhusiwa hata kuianza. Ukiruhusu watu watofautishe tendo na fikra, shtaka lililosomwa na simu iliyopigwa, biashara yako imekwisha. Waweke wajadili uhuru wa maoni kwa ujumla. Huko hakuna anayewahi kutoka.

Na omba Mungu usikutane na mbishi wa aina ya John Henry Faulk. Mtangazaji huyu wa CBS kutoka Texas alipigana na kikundi cha wakagua majina ndani ya chama chao cha wafanyakazi, nao wakamwandika. Badala ya kuandika barua ya toba akaenda mahakamani, akawashtaki waliomwandika pamoja na Laurence Johnson wa supamaketi. Kazi ikapotea mwaka 1957, na kesi ilichukua miaka. Mashahidi wakaeleza mbele ya baraza la wazee wa mahakama jinsi simu zilivyokuwa zikipigwa, nani alimlipa nani, jina lilikaguliwaje. Johnson alifariki kesi ikiwa ukingoni mwa kwisha. Juni 1962 Faulk alipewa dola milioni 3.5, ambazo rufaa ilizipunguza hadi 550,000. Lakini redio yake ya zamani haikumrudisha.

TUNZA KADI ZAKO

Usije ukadhani haya ni ya enzi za filamu nyeusi na nyeupe. Februari 2009 maafisa wa ofisi ya Uingereza inayolinda taarifa za watu walivamia ofisi ndogo huko Droitwich. Humo alikuwamo mzee mmoja, Ian Kerr, na kadi za majina 3,213. Wengi walikuwa mafundi wa ujenzi: waashi, mafundi umeme, watu wa vyuma. Wengine walikuwa wanaharakati wa mazingira. Makosa yao yaliandikwa kwa kifupi: ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, amelalamikia usalama, amechochea wenzake. Makampuni 44 ya ujenzi yalikuwa yakitumia huduma hiyo, kwa ada ya mwaka na pauni 2.20 kwa kila jina lililoulizwa. Jina likipatikana kwenye kadi, fundi aliambiwa nafasi zimejaa. Wapo waliokaa miaka mingi wakidhani mikono yao imepoteza ufundi.

Kadi hizo hazikuanza na Kerr. Nyingi zilirithiwa kutoka kwa jumuiya ya waajiri iliyokuwa ikipeleleza wafanyakazi tangu mwaka 1919 hadi ilipofungwa mwaka 1993, naye alikuwa mtumishi wake. Mwaka 2016, baada ya kesi ndefu, makampuni makubwa yaliomba radhi mahakamani na kuwalipa mafundi mamilioni ya pauni. Kerr mwenyewe alikuwa ametozwa faini ya pauni 5,000 mwaka 2009, kwa kosa la kutosajili kazi yake ya kutunza taarifa. Kabla hajafariki aliieleza kamati ya Bunge nani aliyemlipia faini hiyo. Ilikuwa kampuni ya ujenzi.